Barabarani, bustanini au ukumbini: Pride ipi itawalinda watu wenu?

Miezi michache kabla ya msimu wa Pride, yaani sherehe na maandamano ya kila mwaka ya jamii ya LGBTQ (wasagaji, mashoga, waliobadili jinsia na wengine), vikundi vya watu wa jamii hiyo wanaozungumza Kiswahili huko London, Toronto, Johannesburg au Minneapolis hukaa kikao kuamua mwaka huu washerehekee vipi. Wapo wanaotaka kuandamana na bendera katikati ya mji. Wapo wanaotaka bustani yenye muziki, vibanda vya chakula na watoto wanaokimbiakimbia. Na wapo, aghalabu wale wanaonyamaza kikaoni, wanaotaka ukumbi mdogo wenye mapazia na mtu anayewafahamu mlangoni. Mara nyingi mjadala huishia kwenye gharama na fulana. Hapa nalinganisha njia hizo tatu kwa jambo moja: nani atarudi nyumbani salama, na nani atapata wa kumshika mkono akizidiwa.

Nianze na picha, maana hapo ndipo hatari inayowakabili watu wetu inapotofautiana na ya mwenyeji wa mji. Picha iliyopigwa London saa nane mchana yaweza kuwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo kule Morogoro kabla ya magharibi. Tanzania, kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinaanzia miaka 30 jela hadi maisha. Kenya, kifungu cha 162 kinafika miaka 14, na Mahakama Kuu ilikataa kukifuta Mei 2019. Sheria ya Uganda ya mwaka 2023 imefika hadi adhabu ya kifo kwa baadhi ya makosa. Oktoba 2010 gazeti moja la Kampala lilichapisha majina na picha za watu na kutaka wanyongwe. David Kato, mmoja wa waliotajwa, alilishtaki gazeti hilo mahakamani pamoja na wenzake wakashinda. Aliuawa nyumbani kwake Januari 2011, wiki chache tu baada ya hukumu. Na Oktoba 2018 Paul Makonda, wakati huo mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam, aliwataka wananchi wampelekee majina ya mashoga. Serikali ilisema huo ulikuwa msimamo wake binafsi, lakini watu walikuwa wameshahama nyumba zao.

Mtu aliyebeba kumbukumbu hizo hatulizwi na baunsa aliyesimama getini. Anachohitaji kwanza ni uwezo wa kuamua nani amwone. Huo ndio mzani wangu mkubwa katika ulinganisho huu.

Vigezo

Njia zote tatu nazipima kwa mambo matano. Kuonekana: mshiriki anaweza kuamua kiasi gani nani amwone na nani ampige picha? Ulinzi na pa kutokea: nani analinda, anaaminika, na mambo yakiharibika watu watapita wapi? Mwili: jua, maji, pombe, kusimama muda mrefu, ulemavu. Moyo: aliyekuja peke yake, aliyekumbushwa kipigo cha zamani, aliyeanza kulia bila kujua kwa nini, atamkuta nani? Na safari ya kurudi, ambayo waandaaji wengi huisahau kwa kuwa sherehe kwao huisha muziki unapozimwa.

Maandamano ya barabarani

Kuonekana. Hapa ndipo mtu huonekana kuliko popote, na kwa wengi hiyo ndiyo maana yenyewe ya kuandamana. Tarehe 13 Oktoba 1990 watu wapatao 800 waliandamana Johannesburg, maandamano ya kwanza ya aina hiyo katika bara la Afrika, yaliyoandaliwa na GLOW, chama cha mashoga na wasagaji cha akina Simon Nkoli na Beverley Ditsie. Wakati huo mapenzi ya wanaume wawili yalikuwa bado ni kosa la jinai Afrika Kusini. Baadhi ya waandamanaji walivaa mifuko ya karatasi kichwani, yenye matundu ya macho, wasije wakatambuliwa na waajiri au ndugu. Nawaheshimu sana waandaaji wale kwa kutomwambia mtu kwamba ukifunika uso hujiamini. Walimpa kila mmoja nafasi ya kuwapo kwa kiwango alichokimudu.

Leo mfuko wa karatasi haungetosha. Barabarani mwandishi wa habari hahitaji ruhusa yako, na kamera za mji hazimwombi mtu. Hungary ilipitisha sheria mwaka 2025 iliyoruhusu polisi kutumia mitambo ya kutambua nyuso dhidi ya washiriki wa Pride iliyopigwa marufuku, na faini ya hadi forinti 200,000. Tarehe 28 Juni mwaka huo zaidi ya watu 100,000 waliandamana Budapest hata hivyo. Wingi ule uliwakinga, lakini raia wa Hungary anayehatarisha faini hayuko sawa na mgeni ambaye kibali chake cha kuishi kinasubiri kusainiwa. Kofia pana, miwani ya jua na rangi za usoni husaidia. Kabla ya kufunika uso kabisa, waulizeni waandaaji: Ujerumani, kwa mfano, sheria ya mikusanyiko inakataza kuficha uso kwenye maandamano.

Ulinzi na pa kutokea. Maandamano makubwa yenye kibali hupata vitu ambavyo kikundi kidogo hakiwezi kuvinunua: barabara zilizofungwa, magari ya wagonjwa, polisi waliopanga mapema. Oktoba 2022 ubalozi wa Marekani ulitoa tahadhari ya uwezekano wa shambulio la kigaidi Sandton siku ileile ya Pride ya Johannesburg. Maandamano yalifanyika chini ya ulinzi mzito na yakaisha salama. Miezi minne kabla yake, Oslo, mtu mwenye bunduki aliua watu wawili usiku wa kuamkia siku ya maandamano, na waandaaji wakayaahirisha kwa ushauri wa polisi. Maelfu walijitokeza mitaani hata hivyo. Siwezi kusema uamuzi upi ulikuwa sahihi kwa mji upi. Ninachoweza kusema ni kwamba kikundi chenu kinapaswa kujua mapema ni nani mwenye neno la mwisho la kuahirisha, na taarifa itawafikia watu kwa njia gani kabla hawajapanda treni.

Kuhusu askari wa sare, wengi wetu tuna hadithi zetu. Aliyewahi kupigwa kituoni hawezi kutulia kwa kuwa tu sare za hapa ni za rangi nyingine. New York waandaaji waliwazuia polisi kushiriki gwaride kama kundi kuanzia 2021, na mwaka 2016 wanaharakati wa Black Lives Matter, wanaopinga ukatili wa polisi dhidi ya watu weusi, walisimamisha gwaride la Toronto wakidai jambo kama hilo. Kikundi chenu hakihitaji kuumaliza mjadala huo. Kinahitaji wasimamizi wake wenyewe, wenye vizibao vya rangi moja, ambao mtu anaweza kuwakimbilia kabla ya kufikiria polisi.

Kazi ya wasimamizi hao ifundishwe, isiachwe kwa ujasiri wa mtu. Wahubiri wenye vipaza sauti wakijitokeza kando ya njia, wasimamizi wasimame katikati, mgongo kwa wahubiri na uso kwa watu wetu, na kazi yao iwe kuwasogeza watu mbele. Wasibishane. Agosti 2022 huko Münster, Ujerumani, kijana mmoja aliyebadili jinsia aliingilia kati kuwatetea wanawake waliokuwa wakitukanwa pembezoni mwa Pride. Akapigwa, akafa siku chache baadaye. Alifanya jambo jema. Ndiyo maana jambo hilo lisiachiwe mtu mmoja: wasimamizi watembee wawili wawili, na mmoja awe na redio ya mkononi. Aliye bora kuliko wote mwekeni nyuma kabisa ya kundi, kwa kuwa huko ndiko wachovu na wenye hofu wanakobaki.

Mwili. Kilomita mbili au tatu kwenye ramani huwa saa nne za kusimama. Maji ni lazima, na pa kukaa pia. Anayetumia kiti cha magurudumu asipangiwe nafasi ya mwisho anakosongwa. Kuweni macho kundi linapobanana: watu wakizidi takribani watano kwa mita moja ya mraba, mtu hawezi tena kuamua aende wapi. Geukeni barabara ya pembeni kabla hamjafikia hapo.

Moyo. Kuna furaha ya barabarani ambayo haipatikani kwingine, ya kusikia watu usiowajua wakikushangilia kutoka kwenye madirisha. Lakini maandamano yanaweza kuwaumiza hata walio ndani yake. Johannesburg, Oktoba 2012, wanaharakati wa kampeni ya One in Nine walilala barabarani kuwakumbuka wasagaji weusi waliouawa, wakidai dakika moja ya kimya. Walitukanwa na kusukumwa na watu wa Pride yenyewe. Kumbe tishio laweza kuvaa fulana yenye upinde wa mvua. Kabla ya kujiunga na maandamano ya mji, ulizeni watu weusi na wakimbizi waliotangulia walipokelewaje.

Safari ya kurudi. Huu ndio udhaifu wake mkubwa. Maelfu hutawanyika kwa pamoja, kila mtu na stesheni yake, bendera bado mabegani. Vueni alama, ondokeni wawili wawili.

Inawafaa walio wazi kwa familia zao, wenye hati zilizokamilika, na wale ambao kuonekana kwao ni sehemu ya dai lao.

Bustani yenye uzio na lango

UK Black Pride ya London ndiyo mfano ninaoupenda. Ilianza mwaka 2005 kwa safari ya basi kwenda ufukweni Southend, wakiongozwa na Phyll Opoku-Gyimah, na leo hukusanya maelfu ya watu Weusi, Waasia na wengine wenye asili ya Afrika na Mashariki ya Kati.

Kuonekana. Ni kiwango cha kati. Anayepita njiani haoni ndani, lakini aliye ndani ana simu mkononi, na wako maelfu. Bango la "usipige picha bila ruhusa" ni jema ila halitoshi. Kinachosaidia zaidi kidogo ni kamba za shingoni za rangi mbili, moja ikisema nipige na nyingine ikisema usinipige, mpiga picha rasmi anayeziheshimu, na eneo moja lililotengwa ambako kamera hazitolewi kabisa.

Ulinzi na pa kutokea. Lango linazuia silaha na chupa. Lango hilohilo ndilo linaloweza kumfedhehesha mtu. Mwanamke aliyebadili jinsia anafika, kitambulisho chake kina jina la kiume, na mlinzi anauliza kwa sauti mbele ya foleni nzima. Mwombaji hifadhi hana kitambulisho chochote isipokuwa karatasi iliyokunjwa mara nne. Mambo haya huamuliwa wiki kadhaa kabla, kwenye mkataba wa kampuni ya ulinzi: mtu achague akaguliwe na mlinzi wa jinsia gani, jina lisisomwe kwa sauti, na anayethibitishwa na kikundi chake aingie. Kampuni ikisita, tafuteni nyingine. Foleni ya nje nayo ihesabiwe kama sehemu ya sherehe, kwa kuwa aliye foleni bado hajalindwa na yeyote.

Pa kutokea pawe pengi, pameandikwa wazi, na pasiwe palepale pa kuingilia. Watu 21 walikufa Duisburg, Julai 2010, kwenye tamasha la muziki la Love Parade, kwa sababu umati ulioingia na uliotoka ulikutana kwenye njia moja nyembamba iliyounganika na handaki. Hapakuwa na adui siku ile, palikuwa na mpango mbaya tu.

Mwili. Bustani inashinda hapa: kivuli, vyoo, hema la huduma ya kwanza, pa kumbadilisha mtoto nepi. Lakini pombe huuzwa kuanzia adhuhuri, na wengi hawajala. Wekeni kibanda cha chakula cha bei nafuu karibu na lango, na maji ya bure yasiyohitaji kupanga foleni ya baa.

Moyo. Hema la utulivu, lisilo na muziki, lenye mtu aliyefunzwa kusikiliza, ni jambo ambalo ningelitetea kwenye bajeti mpaka mwisho. Msikilizaji mmoja anayezungumza Kiswahili hubadilisha mambo, kwa sababu mtu aliyepatwa na hofu hurudi kwenye lugha ya kwao. Mashirika ya msaada nayo huweka vibanda humo. Uingereza, Switchboard imekuwa ikipokea simu za jamii hii tangu 1974. Anayeona aibu kutafuta msaada anaweza kujifanya anachukua kipeperushi tu.

Safari ya kurudi. Ni rahisi kuliko ya barabarani iwapo kuna mahali pamoja pa kukutania na watu wanatolewa kwa awamu.

Inawafaa wenye watoto, wazee, wenye ulemavu, na wageni wa mji ambao bado hawana mtu wanayemjua.

Ukumbi mdogo wa walioalikwa

Kuonekana. Hapa mna uwezo mkubwa kuliko kwingine. Simu zinabandikwa stika kwenye kamera mlangoni, au zinawekwa kwenye bahasha zenye namba. Kila mgeni anatambulishwa na mtu anayejulikana, na anwani inatumwa siku yenyewe. Hatari inahamia kwenye orodha ya majina: iandikwe majina ya utani, ikae kwa mtu mmoja, ichanwe usiku uleule.

Ulinzi na pa kutokea. Kuta haziwi ulinzi palipo na dola isiyowataka. Tarehe 4 Agosti 2016 polisi walivamia Club Venom, Kampala, kulikokuwa na mashindano ya Mr na Miss Pride. Walifunga milango, wakawakamata watu zaidi ya 16, wakawapiga na kuwashikashika hasa waliobadili jinsia, wakawapiga picha na kutishia kuzisambaza. Mtu mmoja aliruka kutoka dirisha la ghorofani akaumia vibaya. Tofauti na barabarani, hapakuwa na wapita njia wa kushuhudia. Kwa hiyo hata mkiwa nchi isiyo na sheria ya namna hiyo, chagueni ukumbi wa chini, wenye milango miwili ambayo aliye ndani anaweza kuifungua bila ufunguo, na mwenye ukumbi aambiwe ukweli kwa maandishi ni sherehe ya nani. Mwenye ukumbi anayegundua katikati ya usiku kisha akawafukuza watu barabarani huwa ameleta hatari aliyotakiwa kuizuia. Mtu mmoja abaki nje ya sherehe kabisa, na simu yenye chaji na namba ya wakili.

Kuna hatari nyingine tusiyopenda kuitaja. Kundi dogo lina wapenzi wa zamani, wadeni, na wanaomtishia mwenzao kwamba watatoboa siri yake kwa wazazi. Kila mwaliko uonyeshe jina la mtu wa kupelekewa malalamiko, na asiwe swahiba wa kila mtu. Anayelalamikiwa kwa ukatili asialikwe siku hiyo, hata akiwa ndiye mwenye spika.

Mwili. Ni mwepesi: viti, pilau, choo kimoja kisicho na alama ya jinsia. Hewa iwepo.

Moyo. Hapa hakuna kinachoufikia ukumbi mdogo. Watu 30 wakiwa chumbani, mwenyeji huona nani hajala, nani amekaa na koti muda wote, nani alitoka nje mara tatu. Anayefika kwa mara ya kwanza apewe mwenyeji wake, dada au kaka wa siku hiyo, anayempokea mlangoni na kumtambulisha kwa jina alilolichagua mwenyewe.

Safari ya kurudi. Mnaweza kumjua kila anayeondoka na kupata ujumbe wake akifika.

Inawafaa waliojificha, wanaosubiri hati, waliotoka karibuni kwenye mateso, na waumini wanaotaka dua au sala ndani ya sherehe bila kulazimika kujieleza kwa mtu.

Na ya mtandaoni?

Tarehe 27 Juni 2020, janga la korona lilipofunga miji, waandaaji wa nchi nyingi walifanya Global Pride mtandaoni. Iliwafikia watu ambao hawajawahi kusogelea bendera. Kwa aliye Kigoma au Lubumbashi huenda ndiyo njia pekee, mradi aingie kwa jina la bandia, kamera ikiwa imezimwa, kwenye simu ambayo ndugu hawaishiki. Picha ya skrini haizuiliki, kwa hiyo anayeongea atumie sauti tu.

Kuchagua kwa hali yenu

Ombi lako la hifadhi likiwa linasubiri, zungumza na wakili wako kabla ya kwenda popote. Picha ya Pride hutumika wakati mwingine kama sehemu ya ushahidi, na wakili atakueleza ipigwe vipi na ihifadhiwe wapi bila kuwekwa mtandaoni. Mtu asikushurutishe kuandamana ili uaminiwe.

Mkiwa na watoto, bustani, na mwandikeni mtoto namba ya simu mkononi kwa kalamu.

Kikundi kikiwa kipya na hamjuani, anzeni ukumbini. Maandamano mnayoyafanya bila kufahamiana huishia kila mtu kutazama saa yake.

Mkiwa na wasimamizi wasiopungua wanne waliofunzwa, na nusu yenu wako tayari kuonekana, nendeni barabarani na nusu hiyo, wengine wawasubiri mwisho wa njia, ndani, chakula kikiwa tayari. Vikundi vingi havifikirii kugawanyika, ilhali hakuna anayepoteza kitu.

Mkiwa Kenya, Uganda au Tanzania, msiige mpango wa London. Juni 2018 wakimbizi waliandamana ndani ya kambi ya Kakuma, na vitisho na mashambulizi yakawafuata mpaka baadhi wakahamishiwa Nairobi. Walikuwa na haki ya kufanya walichofanya, lakini hawakuwa na pa kukimbilia. Ongeeni kwanza na wanasheria wanaoijua hali ya hapo, kama wale wa mashirika ya haki za binadamu ya NGLHRC Kenya au HRAPF Uganda, na mkubali jibu lao likiwa ni subirini.

Na popote mtakapokwenda, chagueni mtu mmoja ambaye hatakunywa wala kucheza siku hiyo, mwenye namba za wote walioridhia kuzitoa na namba ya dharura ya nchi hiyo: 999 Uingereza, 112 Ulaya na kwa simu ya mkononi Afrika Kusini, 911 Marekani na Kanada. Zamu yake isimalizike mpaka wa mwisho ajibu kwamba amefika, na mwakani afanye mwingine ili naye apate siku ya kusherehekea.